Usimwage Simiti Ubavuni mwa Nyumba ya Mama

Lushoto,
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu Ouma,

Nakusalimu wewe na wote mlio hapo nyumbani chini ya milima ya Gwassi. Huku sisi hatujambo. Mwalimu, shemeji yako, anafundisha kama kawaida, na watoto ni wazima isipokuwa mafua ya baridi, ambayo milima hii ya Usambara haijawahi kutunyima. Naamini mgongo wako umepona na shangazi amepata nafuu ya kikohozi. Mahindi yamefika wapi? Yule ng'ombe mwenye mguu mbaya anasimama? Nijibu yote hayo, maana nataka kujua kweli. Basi, salamu zimeisha.

Nimekasirika, Ouma. Nimekasirika tangu Jumanne barua ya mkeo iliponifikia, na leo ni Jumapili, nimetoka kanisani na hasira yangu ile ile niliyoingia nayo. Padri amehubiri juu ya kusamehe. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikaona ni mtu mzuri ambaye hana kaka.

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Mimi na wewe tungesemezana kwa Kijaluo chetu tukamalizana, lakini mkeo ni Mkuria, na yeye ndiye anayeniandikia. Wewe kalamu huigusi. Nataka Boke aisome mwenyewe toka juu hadi chini, usije ukamsomea mistari unayoipenda na kuruka inayokuuma. Wifi yangu Boke, ukifika hapa kaa kitako, tulia. Sina ugomvi na wewe. Umeolewa hapo mwaka haujaisha, umeambiwa shika jembe ukashika. Ugomvi wangu ni na huyo aliyekukabidhi jembe.

Ameniandikia hivi, namnukuu: "Dada, wazazi wangu walifika salama kutoka Kehancha. Kabla hawajaja, mume wangu alinisaidia tukafyeka kile kichaka kilichokuwa ubavuni mwa nyumba ya marehemu Mama, tukakwatua, tukafagia, tukachoma takataka. Sasa panapendeza sana. Shida ni moja, kila asubuhi nakuta vijani vidogo vimeota tena, nang'oa, kesho vimerudi. Kuna dawa gani ya kuviua? Mume wangu anasema nisijali, fundi anakuja baada ya mavuno kumwaga simiti pale pote mpaka chini ya miti." Mwisho wa kunukuu.

Nilisoma nimesimama mlangoni. Mwalimu akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia, "Bado, lakini kaka yangu anafanya bidii."

Sasa nisikilize. Kile si kichaka. Lile ni ua la Gwassi, lililotoka kule juu mlimani alikozaliwa Mama, na nililipanda mimi, shina kwa shina, kwa mikono hii. Unakumbuka wiki ile ya msiba. Siku zile mlipokuwa mmekaa na wageni wa mwisho, mimi na shangazi tulipotea siku nzima, ukatuuliza jioni tulikuwa wapi, nikakujibu, "Tulitembea tu." Tulikuwa tumepanda mlima mpaka kwenye ile chemchemi ambako Mama alichota maji akiwa msichana. Alikuwa akitusimulia, wewe hukuwa unasikiliza. Chini ya miti mikubwa pale, ambapo jua halifiki, ardhi yote ilikuwa imefunikwa na ua hilo. Lina petali za waridi hafifu na kimkia chembamba nyuma, na shina lake limejaa maji. Viganda vyake vya mbegu vikikomaa, ukivigusa vinapasuka na kurusha mbegu. Mama alisema walipokuwa wadogo walishindana nani atapasua vingi, na maji ya nyumbani yakachelewa kila siku wakachapwa kila siku.

Tulikata mashina, tukayafunga kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, tukashuka nayo. Asubuhi yake niliyapanda ubavuni mwa nyumba yake, pembeni ya kaburi na chini ya miti yake ya siala, shibiri moja kati ya shina na shina. Ua hili halitaki makuu. Linataka kivuli, majani makavu yaliyooza juu ya udongo, na kuachwa. Kila pingili inayolala chini inatoa mizizi, ikishaota inasogea mbele, na hivyo hivyo linatambaa mpaka linafunga ardhi yote. Halinyang'anyani na miti. Nilipokuja miaka miwili baadaye kuwasalimu, lilikuwa limefika kwenye shina la mti wa tatu. Hukuona udongo hata wa kukanyaga. Na ule mfereji wa maji ya mvua uliokuwa unakula ukuta wa nyumba ya Mama ulikuwa umekufa wenyewe. Wewe ulidhani umekufa kwa maombi.

Najua ulichokiona wewe. Nimelelewa boma moja na wewe, tumefagia uwanja mmoja mpaka ardhi ikang'aa. Kwetu boma lenye watu linaonekana kwa uwanja mweupe, hata jani likianguka linaokotwa. Pakiota kitu karibu na nyumba, tena nyumba ambayo mwenyewe hayupo, wapita njia wanasema hapa ni gunda, boma lililokufa, watu wake wameisha. Wakwe zako wanatoka Kehancha kuja kuona binti yao amefika wapi, na wewe ukaona haya wakikuta majani yamekumbatia nyumba ya mamako. Nakuelewa. Nakuelewa kabisa, na bado nimekasirika, maana kuelewa na kukasirika vyote vinakaa ndani yangu bila kusukumana.

Nitakwambia kwa nini nakuelewa. Nilipoanza kazi hapa kwenye nyumba ya wageni, juma la kwanza kabisa, nilipewa bustani iliyo chini ya miti. Ni msitu mdogo, Ouma, wenye miti mirefu ya kienyeji, na chini yake wamepanda maua ya porini ya huku huku Usambara, yale madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya. Mwenye nyumba alikuwa amesafiri. Mimi nikasema moyoni, hawa watu wachafu namna gani, majani makavu yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nikashika fagio. Siku tatu nilifagia, nikang'oa kila kilichoota kisichokuwa mti, nikachoma. Ilipobaki ardhi nyekundu tupu, nikasimama mikono kiunoni, nikajiona mfanyakazi.

Mama Zaina, Msambaa anayesimamia bustani, alikuwa kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi akasimama pale, akaitazama ile ardhi tupu. Mwishowe akauliza, "Mama Mjaluo, nani amekwambia huu ni uwanja?"

Nikamjibu kwa heshima, "Nimesafisha, mama. Palikuwa na uchafu mwingi."

"Uchafu wa nani? Miti imejitandikia yenyewe, wewe ukaja kuinyang'anya mkeka."

Usiku ule ule mvua ikanyesha, na udongo wote wa pale ukateremka ukaingia jikoni. Asubuhi tulikuta wapishi wanauzoa kwa ndoo. Mama Zaina hakunifukuzisha. Alinipa kikapu, na kwa majuma kadhaa tukazoa majani makavu kutoka msitu wa juu, tukayarudisha chini ya kila mti, tukaanza kupanda upya yale maua kwa vipande vya majani yake, kimoja kimoja. Nililia kwa aibu lakini nilijifunza. Leo hiyo bustani iko mikononi mwangu. Watu wanatoka mbali kuiona. Wanapiga magoti kwenye majani yaliyooza, watu wazima wenye suti, ili kutazama ua lililo dogo kuliko kifungo cha shati.

Na wewe unaniandalia simiti.

Hebu nikuulize jambo, Ouma, na usinijibu kwa kuguna. Nasikia ziwa letu lote limefunikwa na magugu maji, toka Homa Bay mpaka Sori unakokwenda kununua omena, dagaa wetu. Nasikia mitumbwi inakwama, nyavu zinatoka na majani badala ya samaki. Hilo gugu ni mgeni. Halina nyumba kwetu, hakuna bibi yetu aliyeliona. Je, umeng'oa ngapi? Umepeleka jembe lako ziwani siku gani? Mgeni anayekula riziki yako unamtazama tu umekunja mikono, halafu ua la mamako, lililozaliwa mlima unaouona kutoka mlangoni pako, ambalo halijamdhuru hata kuku, hilo ndilo umepata nguvu za kuling'oa. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka mwanangu akaja kuniangalia.

Utasema, dada, acha makelele, ua ni ua, panda mlima ukalete jingine. Ningefanya hivyo. Mara ya mwisho nilipokuja nilipanda mpaka kwenye ile chemchemi, na shangazi alibaki nusu njia kwa sababu ya magoti. Hapakuwa na kivuli, Ouma. Miti yote imekwenda, mingine makaa, mingine kuni za kukaushia tumbaku upande wa Migori. Vilibaki visiki. Chemchemi ni tope ambalo ng'ombe wanakanyaga. Nilizunguka tangu asubuhi hadi saa nane, nikageuza kila jiwe ambalo lingeweza kuficha unyevu. Sikupata hata shina moja. Ua hili likipigwa jua la mchana siku mbili, shina lake linalegea na kulala, na siku ya tatu limekwisha.

Utasema tena, si ungechukua la kupanda kwako. Nilichukua. Nilifunga mashina kwenye kanga iliyoloweshwa nikayapakata toka nyumbani mpaka Sirari, nikavuka mpaka nayo, na kutoka hapo mpaka huku. Safari ilikuwa ndefu na joto lilikuwa jingi. Nilipoifungua ile kanga mezani kwangu palikuwa na uji wa kijani unaonuka. Mama Zaina alijaribu kunusuru pingili mbili na zikamfia. Yeye ana mkono unaoweza kuotesha mpini wa jembe, na zikamfia.

Kwa hiyo, mimi kwa ninavyojua, hapo ubavuni mwa nyumba ya Mama ndipo mahali pa mwisho. Hivyo vijani anavyong'oa Boke kila asubuhi ni mbegu zilizorushwa na viganda kabla hamjafyeka. Ndizo zilizobaki. Mkeo anaamka mapema, ni mwanamke mwenye bidii, na kila siku ya bidii yake zinapungua. Nani ajuaye zimebaki ngapi. Barua imechukua majuma mawili kunifikia, na hii itachukua majuma mawili kurudi. Nimeshindwa kulala nikizihesabu asubuhi hizo.

Na lipo jingine, nalo nitalisema kwa sababu limenikaa kooni. Mwishoni mwa barua Boke ameandika, na najua maneno si yake, kwamba nisione vibaya, wewe ndiye mwanamume wa boma, mimi ni mtu wa kuolewa na mji wangu ni kwa mume wangu. Sawa. Tena sawa kabisa. Sijaomba ardhi. Sijaomba nyumba ya Mama, wala mti wake hata mmoja, wala jiko lake. Ninachoomba ni kile kilicho chini ya miti yenu, ambacho hamkukipanda, hamkukinywesha maji, na mlidhani ni takataka. Kama binti aliyeolewa hana haki hata ya takataka ya kwao, basi niandikie wewe mwenyewe kwa mkono wako, uweke na sahihi, niibandike ukutani niitazame kila siku nikikanda unga.

Sasa wifi yangu Boke, hapa nazungumza na wewe peke yako, mwanamke kwa mwanamke. Leo hii, ukimaliza kusoma, usiende pale na jembe wala kidole. Tazama vizuri hivyo vijani. Kama vina majani mawili ya duara yaliyobonyea kidogo kwenye ncha, na kashina kanakokaa kama ka kioo, ndivyo hivyo. Viache. Vingine vikali vyenye miba ng'oa utakavyo, sikuzuii. Nenda chini ya mkuyu ulio nje ya uzio wa boma, zoa majani makavu kwa kikapu, uyatandaze pale taratibu kwa mkono, yasizidi kina cha kidole. Usimwage kwa fujo ukavifunika vikafa. Maji vipe jioni, kwa bakuli, siyo kwa ndoo kutoka juu. Kata matawi ya miba uzungushie, maana kuku wa jirani hawana adabu. Kisha usifagie hapo tena. Ninajua mkono utakuwasha. Wangu uliniwasha miezi. Ukiona aibu wageni wakija, waambie ni kazi ya wifi yako mwenye kichwa kibovu wa Tanzania, nitaubeba huo mzigo kwa furaha.

Vikiota vikashikana, utaona mwenyewe. Udongo hautateremka tena kwenye ukuta, na ukikaa hapo mchana ukichambua mboga utasikia ubaridi miguuni. Wewe umetoka kwenu ukaja kuishi kwa watu wasiojua lugha yako, kama mimi nilivyotoka nikaja huku. Nakuomba mahali pamoja tu katika boma lote.

Huyo fundi, Ouma, mwambie ajenge choo. Boma lina choo kinachoinama na mwanamume wa boma ameshindwa kukiona, lakini kaburi ameliona. Simiti hiyo inasubiriwa na choo. Mkiweka simiti mpaka chini ya miti, hata hiyo miti ya Mama itakosa maji na kukauka, ndipo wapita njia watakapopata sababu ya kusema wanayoyasema.

Nisalimie shangazi, umwambie dawa ya kifua nitampa mtu wa kuaminika akipita huko. Nisalimie baba mdogo, mlinzi wetu wa ng'ombe, na umwombe asifunge ndama kwenye miti ya siala. Nisalimie mama jirani anayeuza omena, ambaye ndiye aliyewapikia waombolezaji siku zile bila kuulizwa. Wasalimie na wakwe zako wa Kehancha. Sina neno baya nao, walikuja kumwona binti yao, hawakuagiza mtu ang'oe kitu.

Nikuachie haya, mdogo wangu, halafu nimalize.

Wewe ulimuuguza Mama. Ulimnywesha uji, ulimgeuza kitandani, ulibeba jeneza upande wa kichwa. Simu ya maandishi ilinifikia imechelewa, nikafika siku ya tatu baada ya maziko, nikakuta kichuguu cha udongo mbichi na wanawake wanaosugua masufuria. Sikumwosha, sikumvika, sikutupa hata gao moja la udongo. Kazi zote za kumzika mlikuwa mmezifanya, hamkuniachia hata moja. Sikuwalaumu na siwalaumu leo. Ila nilitafuta kitu ninachoweza kumfanyia mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe, nikakosa, mpaka shangazi aliponikumbusha ile chemchemi. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa nalia, na baadaye kwa sababu niliona utanicheka. Hapo nilikosea, nakiri. Ningekwambia, usingefyeka. Sasa nimekwambia.

Kwa hiyo kama bado unataka kumwaga simiti, usimwambie fundi aanze. Nimeomba likizo mwezi ujao. Ngoja nifike, nipige magoti pale pale nilipopandia, ndipo umwage juu yangu.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Akinyi.